Taa ya Gari la Mkwe

Jumanne moja, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Muhonja alikuwa anachuja chai jikoni kwake karibu na Bukura, taa ikamwakia kifuani. Iliwaka chini ya mfupa wa bega la kushoto, nyekundu, kubwa kama kifuniko cha soda, na ilionekana vizuri hata kupitia blauzi. Ilikuwa na picha ya mtu ameketi, amefungwa mshipi, na mbele yake mpira. Muhonja alimaliza kuchuja kwanza, maana chai ikipoa kwa sufuria inashika utando, halafu akaweka chujio chini na kujiangalia.

Haikuwa na moto. Aliigusa kwa kidole akakuta ni ngozi yake tu.

Mumewe, ambaye watu humwita Baba Mitchel kwa jina la binti yao, aliingia kuchukua kikombe.

"Iko taa hapo," akasema.

"Nimeiona."

Baba Mitchel aliinama akaitazama kwa karibu, vile hutazama tarehe kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe. "Ni kama mtu ako na mimba."

"Huyo ni mwanaume. Angalia vizuri."

Wakanywa chai. Saa moja na dakika tano taa ikazima yenyewe. Jioni, saa kumi na moja, ikawaka tena, ikakaa karibu saa nzima. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Muhonja alisoma mpaka darasa la saba akaachia hapo, lakini hesabu ya saa haikuwahi kumshinda. Alhamisi alimpigia Mitchel simu, akamuuliza wanatokanga nyumbani saa ngapi.

"Kumi na mbili na dakika kumi," Mitchel akasema. "Jairus hapendi kuchelewa."

"Na mnafika huko?"

"Saa moja na dakika tano hivi. Kwani?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Mitchel ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mayoni. Mume wake, Jairus Osiako, hupima mashamba ya miwa hukohuko. Wanaishi Kakamega mjini, na mwezi huo walikuwa wamenunua gari lao la kwanza, jeupe, lililotumika ng'ambo kabla ya kuletwa. Kila asubuhi Jairus huendesha, Mitchel hukaa kiti cha mbele, na mtoto wao Cindy, wa miaka minne, hukaa mapajani mwa mama yake. Nyuma hukaa walimu watatu wanaochangia mafuta.

Jumapili taa iliwaka kanisani katikati ya mahubiri. Pasta aliiona, akangoja kidogo kama mtu anayengojea mtoto amalize kukohoa, akaendelea na Wafilipi. Mama mmoja wa safu ya nyuma alimpitishia Muhonja shali ajifunike.

"Hiyo ni ya gari," alimnong'oneza. "Enda kwa Shikanga, nyuma ya soko. Alhamisi ndiyo anapimanga wamama."

Muhonja alimjua Shikanga tangu akiwa wa kubebwa. Ni mtoto wa kaka yake, ndiyo sababu humwita senge, yaani dada ya baba. Gereji yake haina ukuta. Ni mabati juu ya nguzo nne, shimo la kuingilia chini ya gari, na benchi refu lililotolewa katika kanisa fulani lililohama. Alhamisi hiyo magari yalikuwa mawili na wamama walikuwa sita.

Khalayi, anayeuza omena sokoni, alikuwa na birika dogo jekundu shingoni, lenye tone linalodondoka. Hiyo ilikuwa taa ya oili ya lori la mchanga la kijana wake. Jerotich alikuwa ametoka Lugari na taa ya joto la maji juu ya nyusi, akaivutia kitambaa cha kichwa mpaka karibu machoni. Wengine walikuwa wamefunika zao na hawakuulizwa.

"Wewe yako ni ya nani?" Khalayi alisema akisonga ampe nafasi.

"Ya mkwe. Mwenye ameoa msichana wangu."

Benchi zima likageuka kumtazama.

"Pole," Jerotich akasema. "Mimi yangu ni ya kijana nimezaa mwenyewe. Nikimwambia angalia, anaangalia. Akikataa namshika sikio, na ako na ndevu."

"Sasa wewe utafungulia mkwe blauzi?" Khalayi akauliza.

Wakacheka, na Muhonja naye akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Kwa watu wa huku, mwanaume na mama wa bibi yake hawashikani mkono, hawali meza moja, na salamu ikiisha kila mtu hutazama upande wake. Kupanda gari dogo pamoja ni karibu sawa na kulala chumba kimoja. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, na hakuna anayeivunja.

Shikanga hana mashine kubwa. Ana kidude cha kuchomeka chini ya usukani, na simu iliyopasuka kioo. Wamama hawachomekwi kitu. Huwasha simu tu, inatafuta kilicho karibu. Ilizungukazunguka, kisha ikaandika MUHONJA. Akabonyeza.

"Namba ya ugonjwa wako inaanza na B," akasema. "P ni injini na gia. C ni breki na magurudumu. B ni mwili wa gari, mambo ya viti, mishipi, mifuko ya hewa. Hii ni ile mifuko ya mbele, senge, yenye inafura watu wakigongana. Ya dereva na ya mwenye anakaa kando yake. Mashine inasema haiioni."

"Haiioni namna gani?"

"Haiko. Hiyo gari iligonga kitu kabla ije huku. Mifuko ikafura, ikakatwa ikatupwa, wakafunika mahali na plastiki. Wamefunika vizuri, huwezi jua."

"Na taa yake kwa dashbodi?"

Shikanga alipangusa simu kwa ovaroli, pande zote mbili. "Nilitoa mimi."

"Ulitumwa na nani?"

"Mathew wa yadi ya kuuzia magari ndiye alileta. Alisema mnunuzi hapendi taa. Mimi natoanga tu ile nimeonyeshwa. Sikujua itaenda kwa shemeji Jairus."

"Na ungejua?"

Shikanga alifikiria, na ilionekana anafikiria kwa haki. "Ningetoa. Kazi ni kazi. Lakini ningekuambia." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Taa ikitolewa ni lazima iende mahali, senge. Zamani nilidhani zinaishanga tu."

Hapo ndipo wengi hupotea, na mwenye mtoto anayetaka kununua gari amwambie mapema. Aache kwanza kuangalia rangi. Azungushe ufunguo bila kuwasha injini, aangalie dashbodi. Taa zote lazima ziwake pamoja, halafu zianze kuzima. Ile inayowaka ikakataa kuzima baada ya injini kunguruma ni ugonjwa unaojulikana, fundi ataupima. Ile ambayo haikuwaka hata mwanzo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu kuna mtu aliiziba mdomo. Jairus hakuzihesabu. Alipowasha gari pale yadi alikuta dashbodi imenyamaza kimya, akamshukuru Mungu, akatia sahihi.

"Naweza kuifuta," Shikanga akasema. "Lakini kufuta si kutibu."

"Futa nipumzike kidogo."

Akabonyeza, taa ikatoweka. Muhonja alilala vizuri Alhamisi hiyo, na Ijumaa akafanya kazi yake ya shamba bila shali. Jumatatu saa kumi na mbili na dakika kumi ilirudi mahali pake.

Akampigia Mitchel akamweleza yote, kuanzia B mpaka plastiki. Mitchel alisikiliza. Kengele ya shule ililia nyuma yake na watoto wakapita wakipiga kelele.

"Mama, dashbodi ni safi. Hakuna taa hata moja."

"Iko kwangu."

"Najua. Nimeelewa. Nilimwambia Jairus. Anasema ni sawa, anaweza kuamini, lakini aone kwanza."

"Basi aje aone."

"Aone wapi, mama? Kifuani kwako?"

Muhonja akaaga, akakata simu.

Baba Mitchel ndiye aliyeita mkutano. Jumamosi Jairus alifika na Mitchel na mtoto, akiwa na sukari kilo mbili na mkate, akaacha viatu mlangoni, akaketi sebuleni akiwa amefunga vifungo vyote vya shati. Ni kijana mpole. Katika miaka sita hajawahi kuinua sauti katika boma hilo. Muhonja alikuwa jikoni nyuma ya pazia, anapakua ingokho, kuku wa wageni.

"Mulembe, mama," Jairus alisalimu pazia.

"Mulembe, baba. Cindy ako namna gani?"

"Ako sawa. Amelala hapo nje. Anasema anataka kukuja kukaa hapa afuge sungura."

Wakala kwanza. Chakula kilipoisha, Baba Mitchel alitoka na mkwe wake mpaka mlango wa nje, akamwambia awashe gari. Jairus akaenda akawasha. Pazia la jikoni likawa jekundu upande mmoja, mahali palipokuwa na bega la Muhonja.

"Imewaka," Baba Mitchel akasema.

"Nimesikia, mzee."

"Njoo basi uone. Ni hapo tu."

Jairus alirudi mpaka kizingitini. Alitazama soksi zake. "Siwezi kuangalia mama hapo. Hata yeye mwenyewe hawezi kutaka."

Naye Muhonja hakutaka. Alisimama nyuma ya pazia ameshika shali kwa mikono miwili. Alijiambia atalivuta pazia na kuiacha shali ianguke, jambo la kufumba na kufumbua, kisha aibu iende ikae na aibu nyingine. Alihesabu mpaka tatu. Alikuta bado ameishika shali, tena ameikaza zaidi.

"Baba Mitchel," alisema badala yake, "mwambie msichana na mtoto wawe wanakaa nyuma."

Baba Mitchel aligeuka akayarudia maneno yaleyale kwa Jairus, aliyekuwa ameyasikia vizuri.

"Nyuma iko na walimu," Jairus akajibu. "Na bibi yangu akikaa nyuma, watu wa Mayoni watauliza tumekosana nini. Watasema namchukua kama abiria."

"Mama, wacha tu," Mitchel akasema. Alikuwa barazani, amempakata Cindy aliyelala.

"Na fundi?" Baba Mitchel akauliza. "Si upeleke kwa fundi mwingine?"

"Nitapeleka, mzee. Lakini nikifika nitamwambia nini? Gari haina taa."

"Mwambie mama mkwe wako ndiye anawaka."

Jairus alijaribu kutocheka, na Baba Mitchel akajaribu pia, na wote wawili wakashindwa. Nyuma ya pazia Muhonja alisikia akatabasamu, kwa sababu alimpenda kijana huyo. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Angekuwa mtu mbaya, Muhonja angemtukana na kumaliza.

Waliondoka saa kumi. Mitchel akakaa mbele, mtoto mapajani. Taa ilizima walipofika mjini.

Wiki iliyofuata Muhonja alipanda boda mpaka yadi ya Mathew. Mathew ni shemasi, na husalimu watu kwa mikono miwili. Alimtolea kiti cha plastiki, akakifuta vumbi, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mama, gari ilitoka hapa ikiwa safi," akasema. "Mwenyewe aliwasha akaona. Sasa taa iko kwako, haiko kwa gari. Na wewe sijakuuzia kitu."

"Mtoto wangu anakaa hapo mbele. Na mtoto wake."

"Tutawaweka kwa maombi." Alifikiri kidogo. "Mama mzazi wa huyo kijana ako hai?"

"Alifariki."

"Ndiyo maana ikakuja kwako. Kwa kawaida inaendanga kwa mwenye amezaa dereva. Akikosekana ndiyo inatafuta wa kwa bibi." Alieleza hayo kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kiliko. Siku hizi, alisema, huwa anauliza kabla ya kuuza. Mtu asiye na mama wala mama mkwe ndiye mteja mzuri kuliko wote. Harudi, na hakuna wa kumtuma.

Muhonja alijua taa za hao huenda wapi. Asubuhi, ukitoka Bukura kabla jua halijakaza, unaona kaburi la mama fulani hapa na la mwingine pale pembeni mwa maboma, saruji ikiwaka rangi ya chungwa kati ya miwa. Mbuzi wamezoea, wanalala hapo kwa ajili ya ule mwanga. Watoto wakipita kwenda shule husema gari la fulani limeshatoka.

Alipokuwa akiaga, kijana mmoja mwenye shati la kazi alikuwa ndani ya gari la buluu, anajaribu ufunguo.

"Hesabu taa," Muhonja akamwambia dirishani.

"Hakuna hata moja, mama," kijana akajibu kwa furaha, akamwonyesha.

Shali ilikuwa imeteleza, na taa ya Muhonja ilikuwa imewaka, maana Jairus alikuwa barabarani siku hiyo. Kijana aliiona, akageuza macho haraka kwa heshima. Mathew akamletea kalamu.

Basi Muhonja akazoea. Alipanga kazi zake kuizunguka taa. Tangu saa kumi na mbili na dakika kumi hakwenda kisimani, hakwenda shamba la mbali, alikaa kwenye kiti cha nje na kazi ya mikono mpaka ilipozima. Ilipozima alijua wamefika. Jirani walijua kutompigia hodi wakati huo. Alhamisi nyingine alikwenda kwa Shikanga, si kufutwa, ila kusomewa. Siku moja namba ilikuwa imeongezeka moja, ya C, ya breki. Alimwambia Mitchel. Mitchel alimwambia Jairus. Jairus alitazama dashbodi.

Asubuhi moja ya Oktoba taa iliwaka kwa wakati wake. Muhonja alikuwa nje anaambua maharagwe. Saa moja na dakika tano ikafika, taa ikaendelea kuwaka. Saa moja na nusu, bado. Alimpigia Mitchel simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga ya Jairus, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya, nayo ikaita hivyohivyo.

Baba Mitchel alileta kigoda chake akakiweka kando ya kiti cha mkewe. Alikuwa anaitazama taa, halafu anatazama barabara, halafu taa.

"Si bado inawaka," akasema mwishowe. "Ni vizuri."

Muhonja aliendelea kuambua. Alikuwa amekwisha kuifikiria hiyo. Taa haijui kusema kama watu wako sawa. Inajua tu kwamba ufunguo haujazimwa. Gari lililo mtaroni, magurudumu juu, nalo ufunguo wake huwa haujazimwa.

Saa mbili ikapita. Maharagwe yalikuwa yamekwisha, mikono yake ikaendelea kuambua maganda matupu. Saa mbili na nusu simu ikalia.

"Mama," Mitchel akasema. "Tuko hapa mbele ya Mumias. Trela ya miwa imeanguka ikafunga barabara. Simu zilikuwa kwa mkoba, tulikuwa nje tunatoa miwa na watu."

"Mmegonga?"

"Hapana. Tumeigusa tu. Jairus alishika breki, gari ikateleza, ikaenda ikaigusa. Cindy alipiga kichwa kwa dashbodi. Ako na kivimbe. Alilia, saa hii amenyamaza, anakula muwa."

"Kivimbe wapi?"

"Kwa paji la uso. Ni kidogo, mama. Injini tumeacha tu, betri ni mbaya, akizima haitawaka." Kulikuwa na sauti ya mwanaume nyuma yake, na Mitchel akasikiliza. "Jairus anasema nikuambie. Anasema breki imeshikwa yote, tumeteleza, tumegusa trela, na kwa dashbodi hakuna taa hata moja imewaka. Anasema sasa uache wasiwasi. Gari iko sawa."

Muhonja alitazama chini. Kando ya ile ya mtu aliyeketi, ya pili, ya breki, ilikuwa inawaka, na chini yake ya tatu ambayo hakuwa ameiona kabla.

"Mwambie nimesikia," akasema.

"Unalia?"

"Hapana. Naambua maharagwe."

Barabara ilifunguliwa baadaye. Saa tatu na dakika tano taa zote tatu zilizima pamoja. Muhonja alingoja kidogo ahakikishe, kisha akainuka pole pole mpaka magoti yakanyooka, akachukua mtungi. Maji yalikuwa bado hayajachotwa, na ng'ombe alikuwa analia tangu asubuhi. Alikuwa na muda mpaka saa kumi na moja jioni.